Pembe zilipita kwenye mizani yangu

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wako wa habari za mikoani ulikuwa na picha ya kijana aliyechuchumaa mbele ya vipande vinne vya meno ya tembo, kichwa kakiinamisha, viatu hana. Chini yake mistari sita tu: amekutwa na nyara za serikali bila kibali, kifungo miaka 20. Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Kijana mwenyewe nilimwona baadaye. Macho yalinasa kwenye kiroba kilichotandikwa chini ya vile vipande, kiroba cheupe cha kilo 50 chenye mshono wa uzi wa bluu. Viroba vya namna hiyo nimevipima maisha yangu yote ya kazi.

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo marehemu mke wangu aliondoka bila kulisikia.

Nilikuwa karani wa mizigo hapa Tabora mjini, kwenye godauni la kampuni moja ya malori. Jina la kampuni halina faida tena, ilishakufa na godauni sasa linauza magodoro. Nilianza mwaka 1989, mwaka ule ule wa Operesheni Uhai, wanajeshi walipoingia porini kupambana na majangili, na mataifa yakakutana Lausanne kule Uswisi kukubaliana kufunga biashara ya pembe za ndovu duniani. Mimi wakati huo nilikuwa najifunza kugonga muhuri bila kuchafua karatasi.

Kazi yenyewe ni kupima, kuandika hati ya mzigo, kugonga muhuri na kubandika namba. Huku kwetu mzigo mkubwa ni asali na nta. Ukikaa kwenye mizani miaka kadhaa, mkono unajua kabla ya jicho. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali safi haipungui kilo 28. Ikisoma 24, haikujaa au kuna mtu kaongeza maji, na ugomvi wa siku hiyo unaanzia hapo. Kiroba cha nta kinasoma 45 mpaka 50, maana mabonge hayashikani vizuri, yanaacha nafasi katikati. Halafu kuna nyuki. Godauni lenye nta halikosi nyuki. Wanakuja wenyewe kutoka kusikojulikana, wanatembea juu ya viroba kama wakaguzi, na mtu mgeni anakimbia huku sisi tunacheka.

Mwezi wa kumi mwaka 2012, siku ya Alhamisi, mchana wa joto lile la kabla ya mvua, vililetwa viroba tisa kwa pikapu kutoka njia ya Sikonge. Hati ilisema nta, kwenda Dar es Salaam. Vya kwanza vitano vilisoma 47, 46, 49, 45 na 48. Cha sita kikasoma 71.

Kuli wangu akasema, "Mzee, nta hii imekula mawe." Akakitua kwenye sakafu ya saruji kwa hasira. Nta ikitua inasema "bu". Kile kilisema "kak", kama sahani mbili zinagongana kabatini. Tukatazamana. Akaondoka kwenda kunywa maji, na mpaka leo namsifu kwa akili ile.

Nikakikaribia. Juu ya viroba vitano vya kwanza nyuki walikuwa kazini. Vinne vya mwisho walivipita. Nikakikandamiza kile cha sita kwa kidole gumba. Chini ya bati la Tabora, mwezi wa kumi, saa nane mchana, nta inalainika, ukiibonyeza inakubali. Juu kidogo ilikubali. Chini yake hapana. Palikuwa na kitu cha baridi, laini kama kikombe cha kauri, nacho kimepinda. Niliufuata mpindo ule kwa kiganja kuanzia kona ya chini hadi ulipokomea, na ulipokomea ulikuwa umekatwa kwa msumeno, kingo zikisikika kali kupitia kwenye kiroba. Unene wake haukuufikia mkono wangu hapa kwenye kifundo. Yule alikuwa tembo mdogo, Mhariri, hata kuzaa sidhani kama alikuwa amezaa.

Mwenye mzigo alikuwa amesimama mlangoni anamenya karanga. Kijana nadhifu, mwenye adabu, alikuwa ameniamkia shikamoo na kuniuliza hali ya nyumbani. Alikuja akachukua kitabu changu cha hati, akakifungua, akakifunga, akanirudishia. Ndani kulikuwa na noti tano za elfu kumi. "Mzee, andika tu nta. Ya soda hiyo."

Nikaandika: Nta, viroba 9. Nikagonga muhuri.

Uzito niliuandika wa kweli, kilo 514. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka walau kitu kimoja kwenye karatasi ile kiwe cha kweli. Usiku wake lori liliondoka. Ile elfu hamsini ilinunua mchele na sare za shule za wajukuu wawili, na mke wangu akauliza kampuni imeanza lini kutoa bahshishi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilifanya kazi miaka mingi nikiamini hivyo, kwamba mzigo ni wa mwenyewe, changu ni mizani. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Vile viroba vinne vilikuwa 71, 68, 74 na 66, jumla kilo 279. Toa nta iliyowekwa juu kufunika, hazibaki chini ya kilo 200. Ukichukua tembo wa meno madogo kama yale niliyopapasa, mwenye kilo kumi kwa meno yote mawili, ni tembo ishirini. Tembo ishirini walipita mbele ya meza yangu kwa hati yenye muhuri, na mimi nilichowauliza ni kama mzigo ni wa kulipia hapa au unalipiwa ukifika.

Niseme kidogo kuhusu mji huu. Wageni wanaona miembe wanadhani ni kivuli tu. Tabora imekua juu ya pembe. Njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilipita hapa, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake hodari. Pembe ilipimwa kwa frasila, kama kilo 16 kwa vipimo vya leo. Kwetu tulihadithiwa kwamba mzee wetu mmoja alibeba jino moja peke yake hadi pwani, begani, na ncha ya jino ilifungwa kengele ya ng'ombe. Kila kijiji walichopita watu walitoka kutazama. Nilipokuwa mtoto niliipenda sana kengele hiyo. Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe walipigana kwa sababu ya njia hiyo na ushuru wake, na waliouawa hatuwezi kuwahesabu leo. Sisifu enzi zile, watu nao waliuzwa kwenye njia hiyo hiyo. Ila naona tofauti: jino lililopita mbele yangu lilikuwa limefunikwa nta, na kengele ya kulitangaza ilikuwa mimi. Nikanyamaza.

Mwaka uliofuata, 2013, ikaja Operesheni Tokomeza, msako wa majangili. Kila mtu wa vijijini anakumbuka. Nyumba zilipekuliwa, watu walipigwa, ng'ombe walikufa, bungeni kukawaka moto. Operesheni ikasimamishwa mapema Novemba, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Nataka uandike hili, Mhariri: wakati wote huo, hakuna askari aliyeingia godauni kwetu. Si kwetu tu. Makarani wenzangu wa mabasi na malori tunajuana, tunakutana misibani na kwenye kahawa. Hakuna aliyeulizwa. Msako uliingia kwenye nyumba za tembe porini, na barabara ya lami ikaachwa iendelee na safari zake.

Halafu sensa. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya hesabu ya tembo iliyofanywa mwaka uliotangulia: nchi nzima 43,330, wakati mwaka 2009 walikuwa kama 109,000. Nilisikia redioni nikiwa kinyozi. Kisha wakataja maeneo. Malagarasi na Muyovosi, yaani mabwawa na misitu yetu hii ya Kigoma na Tabora, wamepungua asilimia 81. Kinyozi akasema, "Mzee, usitikise kichwa." Kati ya kila tembo kumi, wanane hawapo. Na tembo si kuku. Mimba yake ni miezi 22, anazaa ndama mmoja, anamlea miaka. Serikali imesema sasa idadi ya nchi nzima imevuka 60,000, namshukuru Mungu na walinzi, lakini wale wa huku kwetu atakayewaona wakiwa wengi kama zamani labda ni kitukuu changu.

Nimeandika barua hii mwezi wa Agosti kwa sababu ya mtu mmoja ambaye sikupata kumwona. Wayne Lotter, mzaliwa wa Afrika Kusini, mmoja wa waanzilishi wa PAMS, taasisi ya kulinda wanyamapori iliyoanzishwa hapa nchini mwaka 2009. Usiku wa tarehe 16 Agosti 2017 alikuwa kwenye teksi akitoka uwanja wa ndege Dar es Salaam, gari lingine likaizuia teksi maeneo ya Masaki, mlango ukafunguliwa, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 51. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu 11.

Kabla ya kufa kwake sikumjua hata kwa jina. Magazeti yalipoeleza kazi yake ndipo nilipokaa chini. Mtu huyu alisaidia askari wa wanyamapori wa vijijini, sawa, hilo wanalifanya wengi. Lakini yeye na wenzake waliungana na kikosi cha serikali cha upelelezi wa makosa makubwa, wakaacha kuhesabu mizoga wakaanza kufuata mnyororo: bunduki ni ya nani, nani katoa fedha, nani kakusanya, nani kasafirisha, kwa gari gani. Kikosi hicho ndicho kilichomkamata Boniface Maliango aliyejulikana kama Shetani, na Yang Fenglan, yule mama wa Kichina magazeti yaliyemwita Malkia wa Pembe za Ndovu. Huyo mama alifika nchini miaka ya 1970 kama mkalimani enzi za ujenzi wa TAZARA, akazungumza Kiswahili, akafungua mgahawa mjini. Mtu wa heshima zake. Kama angeingia godauni kwetu ningempa kiti.

Nilisoma habari zile nikajua kwamba, kwa maswali anayouliza bwana huyu, siku moja angefika kwenye meza kama yangu. Nasema ukweli, kilichotangulia moyoni kilikuwa hofu. Aibu ilifuata.

Sasa nirudi kwa kijana wako wa pichani. Miaka 20. Shetani, Machi 2017, alipewa miaka 12. Malkia, Februari 2019 pale Kisutu, alipewa miaka 15. Mimi si mwanasheria, najua mashitaka hayakuwa ya aina moja, na mtu akikutwa na nyara mkononi sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha. Lakini mtu aliyepima mizigo maisha yake yote akiona mizani inasoma hivi, kilo moja ya maskini nzito kuliko kilo moja ya tajiri, lazima aulize mizani imeharibikia wapi. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, mwanawe yumo gerezani kwa kosa hilo hilo. Alikutwa na vipande viwili alivyopewa avifikishe kwenye kituo cha basi. Mpokeaji hakutokea, mtumaji simu ikazimwa. Kila baada ya miezi michache mama huyu anakuja asubuhi mlangoni kwangu. "Mwangaluka, baba." Hakai. Ananiomba nauli ya kwenda kumwona mwanawe. Nampa. Anadhani nina roho nzuri.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilisema, Mhariri, mara moja, na hapa ndipo penye shina la barua yangu.

Mwaka 2016 kilikuja kiroba kingine. Kimoja tu, nta, kilo 69, nyuki hawakitaki. Safari hii sikukifungulia kitabu. Nilimwambia mwenye mzigo lori limejaa, arudi kesho, nikaenda nyuma ya choo nikapiga simu ofisi moja ambayo sitaitaja. Aliyepokea alikuwa mpole, akaniuliza jina, kazi, mtaa ninaokaa. Nikampa vyote kama mtoto anavyoulizwa na mwalimu. Kesho yake mwenye mzigo hakurudi. Keshokutwa jioni simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ikaniita kwa jina la utani ninaloitwa godauni, ikaniuliza kama mjukuu wangu bado anasoma shule ile ya karibu na reli, na kama anavuka mwenyewe.

Sikusubiri neno la tatu. Tulihamia kwa dada yangu Nzega usiku ule, tukakaa miezi minne. Kazi ikaisha hivyo, baada ya miaka 27, bila barua. Mke wangu nilimwambia nimegombana na bosi.

Sijui nani alinitoa. Huenda hakuna msaliti yeyote pale. Huenda jina langu liliandikwa tu kwenye daftari, daftari likaachwa mezani, na mtu akapita. Mimi nimeishi na madaftari, najua yanavyolala wazi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko linavyoonekana. Kila siku tunaambiwa wananchi toeni taarifa. Mabango yapo, namba zipo. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia karani wa mizigo, kondakta, kuli, mlinzi wa godauni, mama anayeuza chai mahali malori yanapolala, kwamba akisema, jina lake litakaa wapi, nani ataliona, na likivuja nani atawajibika. Apewe namba badala ya jina. Aambiwe wazi kabla hajafungua mdomo kwamba haulizwi mtaa anaokaa. Na wafundishwe hawa watu. Nusu saa inatosha: sauti ya kitu kikitua sakafuni, ubaridi wake, uzito usiolingana na umbo. Askari mwenye bunduki anamsubiri jangili kwenye pori lenye kilomita za mraba maelfu, wakati jino lenyewe, likitaka kwenda baharini, ni lazima lipite mahali penye mizani na mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mahali hapo tunapajua sote. China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwisho wa mwaka 2017, jambo zuri sana, lakini tusidanganyane kwamba wanunuzi wameisha na watu wa kati wamekwenda kulima tumbaku.

Najua wapo watakaosema mzee huyu ajipeleke kituoni kwanza. Wana haki. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko wao.

Kampuni ilipofilisika, karatasi zake ziliuzwa kwa wauza karanga wa stendi. Nilikwenda nikanunua vitabu vyangu vya hati, vyote nilivyoviona, kwa bei ya karatasi za kufungia. Kitabu cha Oktoba 2012 kimo humo. Nakala ya kaboni imefifia lakini inasomeka: viroba 9, kilo 514, namba ya pikapu iliyoleta, na namba ya simu ya mpokeaji wa Dar es Salaam kwa mwandiko wangu. Nimekifunga kwenye nailoni, nimekiweka mahali. Akitokea mtu ambaye hatakiacha mezani, gazeti lako linajua pa kunipata.

Karani mstaafu
Isevya, Tabora
(Jina na anwani vimehifadhiwa)